Bustani ya Mviringo na Kamba ya Zoilo

Kila asubuhi, kabla ya somo kuanza, mtu alipaswa kuunyunyizia mchanga maji. Mchanga wenyewe ulikuwa ndani ya sinia pana la mbao, lililolazwa sakafuni kwenye ukumbi wa nguzo karibu na lango la mji wa Sirakusa. Maji yakiwa machache, upepo wa bahari ulipeperusha michoro. Yakizidi, mchanga uligeuka tope na kijiti hakikuchora kitu. Kazi hiyo ilikuwa ya Leptine, kwa sababu aliiweza kuliko wenzake, naye alijua kwamba anaiweza.

Leptine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwao kulikuwa kijiji cha juu, ambako watu walilima shayiri, vitunguu na maharagwe. Kila siku alishuka mlimani na kipande cha mkate wa shayiri na zeituni chache zilizofungwa kwenye kitambaa. Wenzake walikuwa watoto wa mjini, wa mafundi na wa mabaharia. Walimwita Maharagwe, naye hakulipenda jina hilo.

"Haya," alisema Mwalimu Eumelo asubuhi moja, akijifunika vizuri shuka lake ingawa jua lilikuwa limeshapanda. "Niliwapa kauli mbili. Mmefikia wapi?"

Kauli ya kwanza ilisema hivi: duara lolote lina eneo sawa na pembetatu yenye pembe mraba, ikiwa kitako cha pembetatu ni mzingo wa duara ulionyooshwa, na kimo chake ni nusukipenyo. Ya pili ilikuwa fupi: maumbo mawili yenye mzingo sawa yana eneo sawa. Mwalimu hakutaka kuambiwa kama wanazikubali. Alitaka uthibitisho, hatua kwa hatua, ambao mtu akiutazama hapati pa kuukana.

"Ya kwanza imenishinda, Mwalimu," alisema Nikoni, mtoto wa mshona matanga. "Ya pili nimeitazama mpaka macho yameniuma, na bado inanitazama tu."

Wenzake wakacheka. Mwalimu akamgeukia Leptine. "Na wewe?"

Leptine hakuwa amezigusa kauli zile. Jioni zote alikuwa akicheza vifupa vya kondoo na vijana wa kijijini mpaka mama yake alipomwita mara ya tatu. Lakini Nikoni alikuwa akimtazama kwa jicho la dhihaka. "Maharagwe amekwama pia," Nikoni alinong'ona.

"Nimethibitisha," alisema Leptine.

"Ipi?"

"Zote mbili, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama. Uso wake haukuonyesha furaha wala hasira. "Zote mbili," alirudia. "Vema. Mwezi ukiandama, utatuchorea hapa mchangani."

Mwezi kuandama kulikuwa bado mbali, na Leptine alijiambia kwamba siku hizo zinatosha kabisa. Alipanda mlima huku akipiga mluzi.

*

Alipofika nyumbani alikuta watu wamesimama kando ya bustani. Bustani yao ilikuwa ya mviringo, imezungushiwa ukuta wa mawe. Zamani za mababu mahali hapo palikuwa zizi la kondoo, na samadi ya miaka mingi ilikuwa imeingia ardhini hata udongo ukawa mweusi na mwororo. Maharagwe yaliyotoka humo ndiyo yaliyowalisha majira yote ya baridi, shayiri ikiisha.

Ukutani palikuwa na Mzee Zoilo, jirani yao, akizungusha kamba nene. Baba yake Leptine, Kalikrate, alikuwa ameshika ncha moja. Zoilo alizunguka ukuta wote mpaka akafika pale alipoanzia, akafunga fundo.

"Huo ndio ukubwa wa bustani yako," alisema. "Sasa twende kwangu."

Kiwanja cha Zoilo kilikuwa bondeni, kirefu na chembamba, kikifuata kijito. Waliizungusha kamba ileile kwenye mipaka yake. Fundo halikufika mwisho. Zilibaki hatua mbili tatu ambazo kamba haikuzifunika.

"Umeona, Kalikrate? Changu kinazidi. Nakupa kikubwa nachukua kidogo, na maji yako mlangoni. Mkeo hatapanda tena mlima na mtungi kichwani."

Majirani waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kumsifu Zoilo. Kwao, ukubwa wa shamba ulijulikana kwa kulizunguka, kama mabaharia wanavyosema kisiwa hiki ni kikubwa kuliko kile kwa sababu kukizunguka kwa merikebu huchukua siku nyingi zaidi.

Mama yake Leptine, Mnaso, alikuwa amesimama pembeni na jembe mkononi. "Mimi maharagwe siyapandi ukutani," alisema. "Nayapanda ndani."

"Jamani, mama huyu," alisema Zoilo, akicheka. "Namzidishia mwenyewe, halafu ananitazama kama nimemwibia kuku."

Kalikrate aliona aibu kidogo. Alimpenda mkewe, na maumivu ya shingo ya mkewe, iliyochoshwa na mtungi, yalimsumbua kuliko alivyosema. Kwa ajili ya shingo hiyo ndiyo alilitaka bonde. Akamwona mwanawe.

"Njoo hapa, msomi. Mambo haya si ndiyo mnayochora kwa Eumelo? Kamba ikilingana, mashamba yanalingana?"

Macho yote yakamgeukia Leptine. Maneno ya kauli ya pili yalikuwa yaleyale, kama vile baba yake aliyasikia mlangoni mwa darasa. Leptine angeweza kusema hajui. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno.

"Yanalingana, Baba," alisema. "Nimelithibitisha jambo hilo leo mbele ya Mwalimu."

"Na Mwalimu amesemaje?"

"Amesema vema."

Kalikrate alimwekea mkono begani, na Leptine akauhisi uzito wake. "Basi imekwisha," baba alisema. "Tutaapa siku ya sadaka, mbele ya Bibi Arketa."

Bibi Arketa alikuwa mtumishi wa hekalu dogo la Mama wa Nafaka, mungu wa mavuno. Kiapo kilichoapwa mbele yake, huku mtu ameshika nguo ya zambarau ya hekalu na mwenge unaowaka, hakikutenguliwa na mtu yeyote, awe tajiri au mfalme. Ardhi iliyobadilishwa kwa kiapo hicho ilikuwa imeondoka moja kwa moja.

*

Kesho yake Leptine alikaa nyuma ya nyumba ili athibitishe kweli kile alichosema ameshakithibitisha. Alikata uzi, akafunga ncha zake, akaulaza chini ukawa duara. Hakujua aanzie wapi, basi akachukua maharagwe makavu, akayapanga ndani ya uzi mpaka hapakuwa na nafasi hata ya moja. Kisha akauvuta uzi uleule taratibu pande mbili, ukawa mrefu na mwembamba kama kiwanja cha bondeni.

Maharagwe yakaanza kupandana na kumwagika nje. Alivyovuta ndivyo yalivyomwagika. Mwishoni uzi ulishika safu moja tu ya maharagwe, na mengine yote yalikuwa yametawanyika mavumbini, kuku akayadonoa.

Uzi haukuwa umebadilika. Ulikuwa uleule.

Leptine aliutazama kwa muda mrefu. Aliinuka akamfuata baba yake, aliyekuwa akitengeneza nira ya ng'ombe.

"Baba, lile jambo la kamba. Nadhani si kweli."

"Jambo lipi?"

"Kwamba kamba ikilingana, mashamba yanalingana. Nimejaribu kwa maharagwe. Yamemwagika."

Kalikrate hakuinua kichwa. "Jana wewe ulithibitisha. Leo maharagwe yamethibitisha kinyume. Kesho atathibitisha nani, kuku?"

"Baba, mimi..."

"Mama yako amekutuma."

"Hajanituma."

"Leptine." Baba aliweka patasi chini. "Nimempa Zoilo neno langu mbele ya watu. Nilimpa kwa sababu mwanangu alisema Mwalimu ameridhika. Sasa niambie, Mwalimu aliridhika au hakuridhika?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Leptine alifungua kinywa. Alifikiria uso wa baba yake ukibadilika, na Nikoni akipata habari, na wanakijiji wakicheka.

"Alisema vema," alijibu kwa sauti ndogo. Na hilo lilikuwa kweli, lakini lilikuwa kweli iliyovaa nguo ya uongo.

"Basi niache nifanye kazi."

Siku zikapita kama ng'ombe wanaoshushwa mlimani: huwezi kuwasimamisha, unaweza tu kuwakimbilia mbele au kuwafuata nyuma. Mama aliendelea kumwagilia maharagwe yaliyokuwa yakitoa maua, huku akijua kwamba atakayevuna ni mwingine. Hakulalamika. Mara moja tu Leptine alimkuta amechuchumaa, ameshika udongo mweusi kiganjani, akiuangalia kama mtu anayemuaga mgonjwa. Leptine akageuka akaondoka.

*

Siku moja kabla ya sadaka alikimbia mpaka mjini. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mchanga wa sinia zima ulikuwa umekauka. Nikoni alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Mwalimu anaumwa," alisema. "Homa ya kinamasi. Anatetemeka mpaka kitanda kinasikika njiani. Unamtakia nini? Umepata uthibitisho wa tatu?"

Leptine alimpita, akaenda nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta Mwalimu Eumelo amelala chini ya mablanketi, midomo imekauka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo? Leptine. Mwezi haujaandama."

Leptine alipiga magoti kando ya kitanda. "Sijathibitisha chochote, Mwalimu. Hata ya kwanza sijaigusa. Nilidanganya. Na sasa Baba anabadilisha bustani yetu kwa kiwanja chembamba, kwa sababu nilimwambia kamba ikilingana basi mashamba yanalingana. Wanaapa kesho."

Mwalimu alifumba macho. Leptine alidhani amelala.

"Kauli ya pili ni ya uongo," mwalimu alisema mwishowe. "Niliiweka makusudi. Wachora maumbo wa mji huu wakiwapelekea wenzao ng'ambo kauli za kuthibitisha, huchanganya moja mbili za uongo ndani yake. Atakayesema amezithibitisha zote, amejitaja mwenyewe kuwa mwongo. Nilitaka kukunasa wewe. Sikujua kama nitamnasa na baba yako." Akatetemeka. "Na mimi siwezi kusimama. Niletee mchanga kwenye bakuli."

Leptine alileta bakuli la mchanga, akalilowesha. Mkono wa mwalimu ulitetemeka hata duara likatoka na mawimbi.

"Ile ya kwanza ni ya kweli. Isikilize. Pembetatu yetu iko hapa, kitako chake mzingo, kimo chake nusukipenyo. Mtu anadai duara linaizidi. Mkubalie. Mwambie, haya, limezidi, kwa kiasi kidogo kama ukucha. Sasa chora mraba ndani ya duara, pembe zake ziguse mzingo. Nje ya mraba kumebaki vipande vinne kama pinde. Fanya pembe ziwe nane. Pinde zimekuwa ndogo. Kumi na sita. Kila ukirudia, kinachobaki kinapungua zaidi ya nusu. Kitafika wapi?"

"Kitakuwa kidogo kuliko ukucha."

"Lazima. Basi hilo umbo la pembe nyingi ni dogo kuliko duara kwa chini ya ukucha, na pembetatu ni ndogo kuliko duara kwa ukucha mzima. Lipi kubwa?"

"Umbo la pembe nyingi linazidi pembetatu."

"Sasa likate kutoka katikati, kama mkate. Unapata pembetatu nyembamba nyingi. Zipange pamoja: kitako chao chote ni ukingo wa lile umbo, ambao ni mfupi kuliko mzingo wa duara, kwa sababu uko ndani yake. Kimo chao ni kifupi kuliko nusukipenyo, kwa sababu hakifiki ukingoni mwa duara. Kitako kifupi, kimo kifupi."

Leptine alikodoa macho. "Basi linapungua kuliko pembetatu. Lakini tumesema linazidi."

"Haliwezi kuzidi na kupungua kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yule aliyedai alikosea tangu mwanzo. Duara halizidi pembetatu." Mwalimu alipumua kwa shida. "Hiyo ni nusu. Bado nusu ya pili, kwamba halipungui. Hiyo..."

Kijiti kikamdondoka. Homa ilikuwa imempanda tena, naye akaanza kumwita mtu aliyekufa zamani. Leptine alimfunika, akamlowesha midomo, akasubiri. Mwalimu hakurudiwa na fahamu. Jua lilipoanza kushuka, mama mwenye nyumba akamwambia aende, njia ya mlimani ni ndefu.

Njiani Leptine aliwaza mpaka kichwa kikauma. Alihitaji kumwonyesha baba kwamba bustani yao ni kubwa. Uthibitisho aliokuwa nao ulisema tu kwamba si kubwa kupita kiasi fulani. Nusu aliyopewa ilikuwa ile isiyomsaidia.

*

Asubuhi ya sadaka watu walikusanyika mpakani mwa kiwanja cha bondeni. Bibi Arketa alikuja na mwenge, mwanamke mzee aliyefiwa na mume tangu ujanani, asiyezungumza sana. Alitandaza nguo ya zambarau juu ya jiwe. Zoilo alikuwa amevaa shada la masuke ya shayiri. Kalikrate alinawa mikono.

"Baba," alisema Leptine.

"Baadaye."

"Baba, nisikilize."

"Nimesema baadaye."

Zoilo akacheka. "Msomi ana hotuba. Mwacheni, tule kwanza keki za asali."

Kalikrate alishika nguo. Leptine aliona vidole vya baba yake vikikunja kitambaa, akajua kwamba likitoka neno la kwanza halitarudi. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Nilidanganya."

Kalikrate hakuiachia nguo.

"Sikuthibitisha kitu kwa Mwalimu. Nilicheza vifupa. Mwalimu aliposema vema alikuwa akinitega, na mimi nilijua sijafanya. Kamba hailinganishi mashamba. Nilimwambia Baba hivyo kwa sababu niliona aibu kusema sijui."

Uso wa baba yake ulibadilika vilevile kama alivyoogopa. Alionekana mzee ghafla, mbele ya majirani wote.

"Mtoto amelishwa maneno na mama yake," alisema Zoilo. "Jana kweli, leo uongo. Tutajuaje kwamba leo si uongo na jana kweli?"

Mtu mmoja aliitikia kwamba hilo nalo ni swali. Neno la Leptine, ambalo siku ile lilitosha kutoa shamba, sasa halikutosha kulirudisha.

"Nipe kamba," alimwambia Zoilo. Aliikunja katikati, akaomba watu wawili wainyooshe chini. "Hii ni nusu ya mzunguko wa bustani yetu. Mwalimu anasema bustani ni sawa na pembetatu fulani, na pembetatu hiyo ni sawa na shamba lenye urefu huu, na upana wa kutoka katikati hadi ukutani. Kiwanja cha bondeni urefu wake haufiki hapa. Na upana wake ni nusu tu ya kutoka katikati hadi ukutani. Ukipima utaona. Hakifiki hata nusu ya bustani."

"Umethibitisha hilo?" aliuliza Zoilo kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

Hapo palikuwa na njia rahisi: kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu kijijini ambaye angejua.

"Nusu," alisema Leptine. "Nimethibitisha kwamba bustani haizidi kiasi hicho. Kwamba haipungui, sijui kuonyesha. Mwalimu alizidiwa na homa kabla hajafika hapo."

"Basi huenda inapungua," Zoilo alisema, akawageukia watu. "Haya, tuendelee."

Lakini mwenge ulikuwa umeshushwa. Bibi Arketa aliuzima kwenye mchanga, taratibu, kama mtu anayezima moto wa jikoni.

"Mimi mambo ya maduara siyajui," alisema. "Lakini mtu huyu alitaka kuapa kwa sababu ya neno la mwanawe, na mwanawe amesema neno hilo lilikuwa uongo. Siwezi kumshikisha mtu nguo ya Mama juu ya uongo. Na mtoto aliyeulizwa kama amethibitisha, akasema nusu, huyo leo hadanganyi. Mwongo angesema yote. Mtaapa Eumelo akipona, au hamtaapa."

Zoilo alivua shada lake. Watu walipoanza kutawanyika alibaki amelishika, akiangalia kijito. "Baba yangu alikipata kiwanja hiki hivyohivyo," alimwambia Kalikrate bila kumtazama. "Kwa kamba. Tulidhani tumepata. Kila mwaka mama alishangaa kwa nini shamba linajaa na mbegu bado inabaki." Kisha akaikunja kamba yake akaenda zake.

*

Baba hakumsemesha Leptine siku nyingi. Hakumpiga, hakumgombeza; alipita tu kama mtu anayepita karibu na jiwe. Leptine alijaribu kumwendea mara mbili, akarudi. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kuchota maji. Aliuchukua mtungi wa mama yake asubuhi na jioni bila kuambiwa, na kila mara kijitoni alichora kwa kidole kwenye mchanga wenye unyevu.

Alichora mraba ndani, hakupata kitu. Siku nyingine tena, vilevile. Kisha asubuhi moja, akiwa amechoka, aliuchora mraba kwa nje, duara likiwa limebanwa ndani yake, akasimama na mtungi begani asikumbuke kuutua. Umbo la nje lina ukingo mrefu kuliko duara. Na kimo chake, kutoka katikati hadi ubavuni, ni nusukipenyo kamili. Basi daima linazidi pembetatu. Mtu akidai duara linapungua kuliko pembetatu kwa ukucha, unakata pembe za nje, unakata tena, mpaka kinachozidi duara ni chini ya ukucha, na umbo hilo linalazimika kuwa dogo kuliko pembetatu. Kubwa na dogo kwa wakati mmoja. Haiwezekani.

Halizidi. Halipungui. Basi ni sawa.

Hakukimbia kumwambia mtu. Alijaza mtungi akaupeleka.

Mwezi ulipoandama, Mwalimu Eumelo alipanda kijijini juu ya punda, amekonda, akifuatwa na wanafunzi wake. Leptine alichora nusu zote mbili kwenye udongo karibu na ukuta wa bustani, mbele ya baba yake, Bibi Arketa na majirani. Mahali pawili alisema, "Hapa nilikwama," akaeleza alivyokwamuka. Mwalimu alimwuliza maswali, akajibu. Nikoni alifuata kila mstari kwa kidole, na mwisho akasema polepole, "Maharagwe, nionyeshe tena ile ya nje." Zoilo hakuja.

"Umeridhika, Mwalimu?" aliuliza Kalikrate.

"Sasa nimeridhika."

Wageni walipoondoka, baba na mwana walibaki wawili bustanini. Maharagwe yalikuwa yameanza kufunga. Kalikrate alichuma ganda moja, akalifungua, akampa.

"Unajua nilichokasirikia?" alisema. "Si aibu ya mbele ya watu. Aibu inapita. Mimi sijui kusoma, sijui maduara. Siku ile sikuiamini kamba ya Zoilo. Niliamini neno lako. Mtu asiyejua hana cha kushika isipokuwa neno la anayejua. Ukijifanya unajua, unamwachia ashike hewa, na yeye anaweka uzito wake wote hapo." Akachuma ganda jingine. "Ulipokuwa hujui, ungesema hujui. Ningekwenda mwenyewe kwa Eumelo."

"Nisamehe, Baba."

"Siku ile ulisema nusu. Ungeweza kusema yote, na Zoilo angefungwa mdomo. Hapo ndipo nilipoanza kukusamehe, ingawa nilichelewa kukuambia." Akauangalia mlima, na njia ya kwenda kijitoni. "Shingo ya mama yako bado inauma. Hilo hatujalimaliza."

"Maji nitachota mimi," alisema Leptine.

Akauchukua mtungi.